Barua ya wazi kwa wasimamizi wa bustani yetu ya kale: bwawa, miti na njia ni mwili mmoja

Kwa: Mkurugenzi, pamoja na wakuu wa vitengo vyote vinavyosimamia bustani ya kale ya jiji

YAH: HALI YA BWAWA, MITI NA NJIA ZA BUSTANI

Waheshimiwa,

Natanguliza salamu na heshima. Nimeingia katika bustani hii tangu nikiwa mtoto wa kushikwa mkono, na kwa miaka kumi na moja sasa napita humo karibu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Ya kwanza niliipeleka mwenyewe, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nilipofuatilia niliambiwa suala la bwawa ni la kitengo cha maji. Nikawaandikia kitengo cha maji, wakanijibu kwa simu kwamba uchafu unaoziba mfereji ni majani, na majani ni kazi ya kitengo cha miti. Afisa wa miti alinisikiliza vizuri, namshukuru, lakini akaniambia malori yanayokanyaga mizizi yanaingia kwa kibali cha kitengo cha mapato. Barua ya tatu niliielekeza huko. Miezi saba imepita na sijapata hata mstari mmoja wa jibu.

Ndiyo maana leo naandika hadharani. Sina ugomvi na afisa yeyote. Nimebisha hodi katika kila mlango niliooneshwa, na katika kuzunguka huko ndipo nilipoelewa ugonjwa wenyewe wa bustani hii: ina wasimamizi wengi wa vipande, na haina mtu mmoja wa kuulizwa habari zake zote. Yafuatayo mengi yanatokana na hilo.

1. Bwawa linakosa pumzi

Asubuhi moja, siku iliyofuata mvua kubwa ya kwanza, nilifika jua halijatoka. Samaki walikuwa juu ya maji, vinywa nje, vikifunguka na kufumba. Nilisogea mpaka ukingoni na hawakukimbia. Kufikia saa tatu walikuwa wamegeuka matumbo juu, wamejazana kwenye ile kona ambako upepo husukumia taka. Nilihesabu hadi sitini, nikashindwa kuendelea. Mdiria ambaye siku zote hukaa kwenye tawi lililoinamia maji sikumwona tena kwa wiki nzima.

Mlinzi aliniambia huenda kuna mtu ametia sumu. Sidhani, na naomba mnivumilie nieleze kwa nini, maana hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu.

Maji ya mvua kutoka kwenye maegesho mapya ya lango la juu yameelekezwa kwenye mfereji wa zamani wa mawe unaolisha bwawa. Yanakuja na udongo, mafuta ya magari, taka, na mbolea inayomwagwa kwenye majani ya mapambo pale juu. Katika mbolea na taka hizo mna fosforasi na naitrojeni, chakula kikubwa cha mwani. Mwani ukishiba hutanda. Mchana, kwenye mwanga, huzalisha oksijeni, kwa hiyo anayepita saa sita huona bwawa la kijani tu na kudhani hakuna neno. Usiku mwanga ukiondoka, mwani ule ule hutumia oksijeni, samaki hutumia, na bakteria wanaoozesha matope na mwani uliokufa nao hutumia. Kabla ya mapambazuko ndipo oksijeni inapokuwa chini kabisa. Mvua ikimwaga uchafu mpya juu ya hali hiyo, samaki hawapati njia ya kuokoka. Hakuna haja ya kumtafuta mtu aliyekuja usiku na chupa ya sumu. Mfereji peke yake umetosha.

Waliojenga mfereji ule walilijua hilo kwa namna yao. Mita chache kabla ya bwawa waliacha kishimo cha kutulizia tope, ili maji yatue hapo kwanza na udongo ubaki. Kishimo hicho kimejaa. Nilichomeka fimbo, ikazama shibiri moja tu ikagota kwenye tope gumu. Kwa hiyo kila mvua sasa inapeleka udongo moja kwa moja bwawani. Tope la unene wa sentimita 1 likitanda juu ya hekta 1 ni meta za ujazo 100. Ndivyo bwawa linavyopotea taratibu, bila mtu kushtuka, hadi siku moja vyura wanalia kwenye kinamasi.

Na kuna jambo la usalama. Utando ule unaofanana na rangi ya kijani iliyomwagika juu ya maji, unaoonekana siku za joto zisizo na upepo, unaweza kuwa bakteria wa kijanibuluu, na baadhi yao hutoa sumu inayodhuru watu na kuua mbwa wanaokunywa maji hayo. Watoto huingiza mikono humo kila Jumapili. Hakuna kibao hata kimoja cha onyo, wala sijawahi kuona mtu akichukua sampuli ya maji.

2. Miti iliyokatwa, na mkuyu uliobaki

Mwaka jana ilikatwa miti miwili mikubwa upande wa magharibi wa bwawa. Sababu iliyotolewa ni kwamba ilikuwa imeoza na ni hatari. Nilipitisha mkono juu ya visiki siku ileile, pumba za msumeno zikiwa bado mbichi. Kimoja kilikuwa na uvungu, nakubali. Cha pili kilikuwa kizima na kigumu kutoka gome hadi katikati. Niliomba kuona ripoti ya ukaguzi. Sijaoneshwa.

Kitengo cha miti kiliuona mti. Kitengo cha maji hakikuuona kabisa. Miti ile ndiyo iliyokuwa ikitia kivuli sehemu yenye kina kifupi kila alasiri. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo: yakiwa nyuzi 10 za Selsiasi yanaweza kubeba takriban miligramu 11 kwa lita, yakiwa nyuzi 30 hushuka hadi kama 7.5. Ongezeni jua la alasiri nzima linaloulisha mwani, mtaona kwamba ule msumeno ulifika mpaka kwa wale samaki.

Sasa umebaki mkuyu wa ukingo wa mashariki. Mnaujua, hakuna aliyewahi kufika kwenye bustani hii asiyeujua. Ndio ule ambao tini zake hushika vishada kwenye shina na matawi manene, ndege na popo wakapata chakula, na chini yake watu wazima hukaa kimya bila kuambiwa. Miaka miwili iliyopita mkandarasi alitandaza vitofali vya saruji kuuzunguka hadi vikagusa gome, ili pawe pasafi. Kisha malori ya mahema na jenereta yakaanza kuegeshwa juu ya vitofali hivyo na kwenye udongo wa jirani.

Mizizi mingi inayofyonza maji na chakula haimo chini sana kama tunavyodhani. Imo katika nusu mita ya juu ya udongo, na huenea mbali kupita kivuli cha matawi. Nayo inahitaji hewa. Udongo ukishindiliwa na magurudumu, matundu yaliyokuwa yakipitisha hewa na maji huzibana, na mvua hutiririka juu badala ya kuzama. Mti haulii siku unapoumizwa. Huchukua miaka, na wakati huo aliyetoa kibali huenda amehamishwa. Lakini dalili zimeanza: inueni macho mtazame ncha za juu za upande wa mashariki, zimekauka, majani yaliyobaki ni madogo na yamepauka. Naogopa, na nasema hili kwa uchungu, kwamba baada ya miaka michache tutaambiwa mkuyu nao ni hatari, ukatwe.

3. Sherehe zisizokwisha

Sipingi watu kufurahi bustanini. Ila ilikuwa siku chache kwa mwaka, sasa ni karibu kila mwisho wa wiki: spika zinazotikisa maji, nyaya zilizofungwa kwenye mashina, nguzo za mahema zilizopigiliwa kwenye mizizi. Mkataba wa Florence wa mwaka 1981, ambao ICOMOS, baraza la kimataifa la kulinda majengo na maeneo ya kihistoria, linautumia kwa bustani za kihistoria duniani, unaiita bustani ya aina hii kumbukumbu hai, na unasema ni mahali pa utulivu, pa watu kukutana na pa kuyatambua maumbile, na kwamba matumizi hayo ya kila siku yatofautishwe na zile nafasi adimu za sherehe. Neno lililotumika ni adimu.

4. Njia na lango

Mama yangu mzazi anatumia kiti cha magurudumu. Yeye ndiye aliyenileta hapa nikiwa mdogo, na Jumapili huomba nimlete yeye. Langoni mmeweka chuma cha kuzuia pikipiki. Kinazuia pikipiki, na kinamzuia mama. Nimeomba mlango wa pembeni ufunguliwe, nikaambiwa funguo ziko ofisini, na ofisi Jumapili imefungwa. Mara ya mwisho nilimbeba mgongoni, mlinzi akainua kiti kupitisha juu ya chuma. Mama hakusema neno mpaka tulipofika majini, akaniambia nisimlete tena kwa namna ile. Mbele kidogo njia ya kuzunguka bwawa imemeguka upande wa mfereji, kwa maji yaleyale niliyoyataja, hata mwenye miguu yake hupita kwa kushikilia matawi.

5. Kumbukumbu

Kibao cha mawe kilichoeleza bustani ilianza lini na miti mikubwa ilipandwa na nani kimeng'olewa wakati wa kazi za lango na hakijarudishwa. Vibati vya namba kwenye miti vimebaki vichache. Bila daftari la miti, hakuna atakayejua nini kimepotea.

Waheshimiwa, najua baadhi ya majibu nitakayopewa, kwa kuwa mengine nimeshapewa kwa mdomo.

Mtasema fedha hazipo. Lakini kuzibua kishimo cha tope ni kazi ya watu wachache wenye majembe na mikokoteni kwa siku kadhaa. Kuchimba bwawa zima lililojaa matope ndiko kutakakohitaji fedha msizokuwa nazo. Kung'oa vitofali karibu na shina la mkuyu na kuweka matandazo ya majani makavu mahali pake hakudai hata zabuni. Na kama sherehe zinaingiza mapato, mapato hayo yanatokana na kivuli na maji. Ni haki sehemu yake irudi kwenye kivuli na maji.

Mtasema, kama nilivyoambiwa na afisa mmoja, kwamba bwawa ni kitu cha asili, litajisafisha lenyewe. Mabwawa mengi ya bustani za mijini yamechimbwa kwa mikono ya watu. Joseph Paxton, mbunifu wa bustani, alipotengeneza bustani ya Birkenhead nchini Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1847, alikausha ardhi chepechepe, akachimba maziwa na udongo wake akaujengea vilima. Central Park ya New York, iliyotokana na mchoro wa Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux wa mwaka 1858, ina hekta zaidi ya 340, na maziwa na mabwawa yake yote yametengenezwa. Kitu kilichotengenezwa kina mfereji, kina mlango wa maji, kina kishimo cha tope, na kinahitaji mtu wa kuvitunza. Kukiacha kijitunze ni kukiacha kife.

Kuna jibu la mbu. Nimesikia kuna wazo la kulikausha bwawa, au kulijengea kingo za zege, ili mbu waishe. Nawasihi mlifikirie upya. Mbu hapendi maji mapana yenye mawimbi na samaki. Hutafuta vidimbwi vilivyotulia, kopo, tairi, mfereji ulioziba. Kwenye joto huweza kutoka yai hadi kuruka katika muda wa siku kumi hivi au pungufu. Wanaokula viluwiluwi vyake ni samaki na watoto wa kereng'ende, wale ambao maji machafu yamewaua. Bwawa likiwa zima ni mlinzi wenu dhidi ya mbu. Zege litawaondolea vyura na kereng'ende mahali pa kutagia na pa kupanda kutoka majini, na vidimbwi vya mfereji vitabaki palepale.

Mtasema pia wageni wenyewe ndio wachafu. Kwa sehemu ni kweli, na nasi tunaotembelea tuna lawama yetu: tunatupa chupa, tunawatupia bata mikate hadi inaoza majini na kuulisha mwani. Niko tayari kusimama pale Jumapili kuwaeleza watu. Lakini mapipa ya taka yalikuwa tisa kuzunguka bwawa, sasa ni mawili, na maegesho hayakuelekezwa kwenye mfereji na mgeni yeyote.

Kuhusu miti hatari, sina ubishi kwamba tawi likianguka linaua. Ndiyo sababu naomba ukaguzi, uandikwe, uoneshwe, na utenganishe tawi la kupogoa na mti wa kukata.

Mwaka 1989 Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua kupinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Alikejeliwa hadharani, lakini mradi ule uliachwa na bustani ipo hadi leo. Sisi hapa hatujatishiwa na jengo. Bustani yetu inamegwa kwa vibali vidogovidogo, kila kimoja kikiwa na saini halali, na ndiyo maana ni vigumu kumpata wa kumwandikia. Central Park nayo katika miaka ya 1970 ilikuwa imechakaa vibaya. Mwaka 1980 iliundwa taasisi ya kuitunza, na baadaye eneo likagawanywa kanda, kila kanda ikapewa mtunza bustani wake anayejulikana na anayewajibika kwa kila kilichomo: nyasi, benchi, mti na taka. Mgeni akiona kasoro, anajua ni ya nani.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

Kwanza, ateuliwe msimamizi mmoja wa bustani nzima, na hakuna kibali cha kukata, kujenga, kuegesha wala kufanya sherehe kitakachotoka bila saini yake. Hili likifanyika, hata mengine yakichelewa nitashukuru.

Pili, ndani ya siku 30 kishimo cha tope kizibuliwe, maji ya maegesho yaelekezwe kwingine au yapitishwe kwenye ukanda wa nyasi na matete kwanza, maji ya bwawa yapimwe, na majibu yabandikwe langoni. Mpaka majibu yatoke, kiwekwe kibao cha kuwaonya wazazi.

Tatu, magari yasiingie chini ya mkuyu kuanzia sasa. Vitofali vinavyogusa shina viondolewe kwa mkono, pasitumike mashine, na mtaalamu wa miti aukague kabla ya msimu ujao wa mvua. Mahali pa miti miwili iliyokatwa ipandwe mingine, ipewe na mtu wa kuimwagilia, maana miche ya siku ya picha tumeshaiona ikikauka.

Nne, mpango wowote wa kukausha bwawa au kulijengea zege usimame mpaka watumiaji wa bustani wasikilizwe.

Tano, mlango wa pembeni ufunguliwe siku zote ambazo lango kuu liko wazi. Hili linaweza kufanyika kesho. Ni funguo moja, na mlinzi yupo.

Sita, kibao cha historia kirudishwe na miti ihesabiwe upya.

Naomba jibu la maandishi lenye tarehe na jina la atakayehusika. Nakala za barua zangu tatu, zikiwa na mihuri na tarehe, ninazo, na picha za asubuhi ile ya samaki pia.

Zaidi ya jibu, naomba mje. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi na mbili asubuhi, nitakuwa pale mfereji unapoingia bwawani. Njooni wote kwa pamoja, wa maji, wa miti na wa mapato, maana hamjawahi kusimama hapo pamoja. Vaeni mabuti, ukingo una tope. Nitawaonesha kishimo, tutazame maji kabla jua halijapanda, kisha tutembee hadi kwenye mkuyu. Saa tatu nitakwenda kumchukua mama. Natumaini siku hiyo mlango wa pembeni utakuwa wazi.

Wenu katika kuitunza bustani,

Mtembeleaji wa kila asubuhi